Wanaojua kusoma lebo za maji ya chupa njooni hapa, mteja kanibana dukani

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni, na poleni na baridi mlioko huku kwetu. Mwagonile.

Nina duka la rejareja hapa Uyole, Mbeya, upande wa njia ya kwenda Tukuyu. Maji ya chupa nayauza mwaka wa saba huu. Juzi kaingia Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, daktari kasema presha imepanda, nipunguze chumvi. Nipe maji yasiyo na chumvi." Nikacheka kidogo, nikamwambia Mwalimu, maji gani ya dukani yana chumvi? Yeye hakucheka. Akachukua chupa mbili kwenye shelfu, akavaa miwani, akanionyesha kwa ukucha: "Hii wameandika Na 31. Hii nyingine Na 8. Hiyo Na ni nini kama si chumvi?"

Nilikosa jibu. Miaka saba nauza kitu ambacho sijawahi kukisoma. Najua maji yapi yanatoka haraka, yapi katoni yake inachanika chini ukiibeba, yapi wenye magari wanayapenda kwa sababu chupa inaingia kwenye kishikio. Viherufi vya pembeni sijawahi kuvigusa.

Usiku baada ya kufunga nikapanga chupa sita za kampuni sita juu ya kaunta, nikawasha tochi ya simu maana maandishi yenyewe utadhani chawa. Nne zina picha ya mlima, na hakuna hata moja iliyotaja huo mlima unaitwaje. Tano zimeandikwa maji ya kunywa, moja tu ndiyo maji asilia ya madini. Zote zina alama ya TBS, wale watu wa viwango. Zote zina tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Halafu kuna kijedwali: Ca, Mg, Na, K, HCO3, Cl, SO4, F, NO3, pH, TDS. Chupa moja haina kijedwali, ina pH na TDS basi.

Naombeni mnisomeshe. Na Mwalimu nimpe yapi? Nimemwahidi jibu Jumamosi.

Mbishi wa Mafiati

Maji ni maji dada. Sisi tumekunywa ya kijito tukichunga ng'ombe huko Rungwe na tupo hadi leo. Hizo namba ni za kumpendeza mkaguzi.

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Kaka, Mwalimu hakuniuliza kama yupo. Kauliza Na.

Fundi Maabara

Mtoa mada, umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi. Nilipima maji maabara miaka kumi na kitu, siku hizi nalima parachichi Njombe. Nitajibu kwa awamu kwa sababu mtandao huku unakuja na kuondoka.

Tuanze na Mwalimu. Na ni sodiamu. Si chumvi yenyewe, ni ile sehemu ya chumvi inayohusika na presha. Namba iliyo mbele yake ni miligramu katika lita moja. Miligramu 1,000 ndiyo gramu moja, kwa hiyo 31 ni kitu kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi ya mezani, kama kijiko kimoja cha chai. Piga hesabu: ili Mwalimu apate sodiamu ya kijiko hicho kutoka kwenye maji ya Na 31, inabidi anywe lita 64 hivi. Kwa maji ya Na 8 ni lita 250. Hakuna binadamu wa hivyo, labda ng'ombe wa Mbishi.

Kwa hiyo chupa zote mbili hazimdhuru. Ulimi wenyewe huanza kuonja uchumvi sodiamu inapokaribia miligramu 200 kwa lita. Kama presha yake inasukumwa na sodiamu, chanzo si kwenye shelfu lako. Mwambie atazame jikoni.

Mbishi wa Mafiati

Si nilisema maji ni maji?

Fundi Maabara

Subiri mkuu, sijamaliza, na hapa ndipo tunapoachana.

Hayo maneno mawili aliyoyaona mtoa mada si mapambo. "Maji ya kunywa" yanaweza kutoka kisimani, mtoni, au kwenye bomba lilelile linaloingia kwako. Kiwanda kinayachuja, mara nyingi kwa ule mtambo wa kuyasukuma kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi, kisha kinaua vijidudu kwa ozoni au kwa mwanga wa urujuanimno. Vingine vikishayasafisha sana vinarudisha madini kidogo ili maji yapate ladha. Si udanganyifu, ni maji salama yaliyotengenezwa. "Maji asilia ya madini" ni kitu kingine: lazima yatoke chanzo kimoja kinachojulikana na kulindwa, madini yake yawe yaleyale mwaka hadi mwaka, na kiwanda hakiruhusiwi kuyachezea. Afrika Mashariki aina hizi mbili zina viwango viwili tofauti. Picha ya mlima haimo kwenye kiwango chochote, mtu anachora anachotaka.

TDS ni jumla ya vyote vilivyoyeyuka humo. Chini ya 600 watu wengi wanayaona matamu, ikizidi 1,000 mdomo unakataa. Ikishuka sana nako maji yanakuwa hayana ladha, kama kulamba glasi. Ca na Mg, kalisiamu na magnesiamu, ndizo zinazoleta ugumu. Ukitaka kuujua, zidisha Ca kwa 2.5, Mg kwa 4.1, jumlisha. Chini ya 60 ni maji laini, povu la sabuni linakuja haraka. Juu ya 180 ni magumu sana, birika linaota ukoko mweupe. Ukoko huo haukuui. Kachanganye siki na maji, uache usiku kucha, utatoka.

pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, msihangaike nayo.

Dada Soweto Mbeya

Fundi usiipite pH haraka. Kuna mtu anazunguka mtaani kwetu anauza mashine ya "maji ya alkalini", anasema pH 9 inaondoa asidi mwilini na kutibu vidonda vya tumbo, kisukari na mengineyo. Bei yake unanunua pikipiki.

Fundi Maabara

Nunua pikipiki.

Tumbo lako lina asidi yenye pH kati ya 1 na 3 na ushee. Maji ya pH 9 yakifika pale yanazimwa dakika hiyohiyo. Na damu yako inalindwa na mapafu na figo, haisubiri chupa. pH ina maana kwa mtu wa mabomba, kwa sababu maji yenye asidi yanakula chuma.

Mwana wa Meru

Kamweneni, nipo Iringa, ila nimezaliwa upande wa Mlima Meru. Mimi nataka kuongelea hiyo F. Meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Nilipokuja huku shule ya bweni wenzangu walidhani navuta sigara kwa siri. Mwalimu wa zamu alinipekua begi mara mbili! Ni floraidi ya maji ya nyumbani. Hakuna mswaki wala ndimu inayoitoa, nimejaribu hadi mkaa.

Swali langu: nina mtoto wa miaka mitatu. Meno yangu yatamfuata?

Fundi Maabara

Pole ndugu yangu, na hapana, hayarithiwi. Floraidi inaharibu jino wakati linatengenezwa ndani ya fizi, yaani utotoni hadi miaka minane hivi. Mtoto akinywa maji yenye kiasi kidogo katika miaka hiyo, atatoka na meno yake meupe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Eneo la Bonde la Ufa lenye volkano, kuanzia huko kwenu Arusha, lina visima vinavyozidi hapo mara nyingi tu. Ndiyo maana kuna kituo Ngurdoto kilichofanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Hapa namrudia Mbishi. Ukiniambia maji ni maji, mtazame Mwana wa Meru akicheka. Maji yake yalikuwa meupe, matamu, baridi, hayana mdudu.

Na watu wengi wanadhani kuchemsha kunamaliza kila kitu. Kunaua vijidudu. Floraidi na nitrati hazichemki zikaondoka: maji yanapungua kwa mvuke, zenyewe zinabaki, kwa hiyo zinazidi kukolea. Kwa hiyo kwenye lebo, macho ya mzazi yaende kwenye F na NO3 kabla ya kitu kingine. Nitrati kikomo ni 50, na anayeumia nayo zaidi ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo. Inatokana na mbolea, zizi au choo kilicho karibu na kisima.

Mama Pacha Tukuyu

Umenishtua. Mapacha wangu wana miezi minne, wananyonya na wanaongezewa ya kopo kwa sababu yangu hayatoshi. Natumia maji ya chupa moja kwa moja bila kuchemsha, si yameshasafishwa kiwandani?

Fundi Maabara

Chemsha dada. Maji ya chupa ni salama kwa mtu mzima lakini hayana ahadi ya kutokuwa na kijidudu hata kimoja, na unga wa maziwa wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Chemsha, yapoe kidogo yasishuke chini ya nyuzijoto 70, ndipo uchanganye, kisha uache chupa ipoe kabla ya kumpa mtoto. Kwenye lebo chagua yenye sodiamu chini ya 200 na salfeti (SO4) isiyozidi 250. Ukiangalia hayo tuliyonayo madukani, mengi yako mbali sana chini ya hapo.

Konda wa Kitonga

Mimi napiga ruti ya Dar hadi Tunduma. Nina swali halipo kwenye lebo lakini linanigombanisha na abiria kila wiki. Tukipakia maji Mbezi chupa ziko kawaida. Tukishapanda mlima wa Kitonga, tukitembea hadi Makambako, zimekaza kama mpira uliojazwa upepo. Abiria akifungua, pssss! Anawaka: mmetuuzia maji yaliyochacha. Kurudi ni kinyume. Chupa niliyoinywa nusu nikaifunga Uyole, nikifika Chalinze imebonyea kama imekaliwa.

Fundi Maabara

Hahaha. Maji yako ni mazima, konda. Shingoni mwa chupa kuna hewa iliyofungiwa usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 na kidogo ya ule wa Dar. Hewa ya nje imelegea, ya ndani bado ina nguvu za Dar, kwa hiyo inasukuma plastiki. Ukishuka, ya nje inakuwa na nguvu kuliko ya ndani, chupa inabonyea. Ile uliyoinywa nusu ina hewa nyingi zaidi ndani, ndiyo maana inabonyea vibaya.

Chupa ya kutilia shaka ni ile ambayo pete ya kizibo haikatiki unapofungua, au maji yana harufu, au tarehe ukiipangusa kwa kidole inatoka. Wanaojaza chupa zilizookotwa wanapata lebo nzuri bila shida. Kinachowasumbua ni pete ya kizibo, na namba ya bechi iliyopigwa kwenye chupa yenyewe.

Na huo mgandamizo mdogo wa hewa ndio unaofanya maji yachemke mapema huku kwetu. Dar yanachemka nyuzi 100, Mbeya ni 94 hivi. Vijidudu vinakufa kabla ya hapo, msiogope. Maharage ndiyo yanayoteseka.

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Ngoja kwanza. Maharage.

Huku mtu akipika maharage au makande anatia magadi ili yalainike upesi. Fundi, magadi si ndugu yake chumvi?

Fundi Maabara

Dada, umeniacha nyuma. Magadi ni sodiamu kaboneti na baikaboneti. Karibu theluthi ya uzito wa magadi safi ni sodiamu. Hayana ladha ya chumvi kwa hiyo mtu haoni kama anakula chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwenye sufuria ni zaidi ya gramu moja ya sodiamu, halafu chumvi ya kawaida inafuata juu yake. Linganisha na Na 31 ya chupa yako.

Mbishi wa Mafiati

Nimekubali. Mke wangu anatia hadi kwenye mlenda.

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Kesho ni Jumamosi, naenda kwa Mwalimu. Kabla sijasahau, maswali madogo. Kuna pembetatu chini ya chupa yenye namba 1, jirani yangu anasema maana yake ni kutumia mara moja. Na barikodi za chupa zangu tano zinaanza na 620.

Fundi Maabara

Namba 1 ni aina ya plastiki tu, inamsaidia anayechambua taka. Kizibo mara nyingi ni 2 au 5, ni plastiki nyingine. Chupa hiyo haikutengenezwa kwa kujazwa tena na tena, ni kweli, lakini pembetatu haisemi hivyo. 620 ni namba ya barikodi ya Tanzania, inaonyesha kampuni imesajili barikodi wapi. Bidhaa inaweza kuwa imetengenezwa kwingine. Stempu ya TRA nayo inahusu ushuru, haijapima maji. Anayesema maji yanafuata kiwango ni TBS, ambao tangu 2019 ndio walioachiwa pia usalama wa chakula uliokuwa TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa. Na ile dumu kubwa ya lita 18.9, kama ulishawahi kujiuliza hiyo .9 inatafuta nini: ni galoni 5 za Kimarekani.

Soma na sentensi ya mwisho kabisa, "hifadhi mahali pa ubaridi, mbali na jua na harufu kali". Plastiki inapitisha harufu.

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Hilo la harufu najua kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa duka nilipanga katoni za maji juu ya magunia ya sabuni ya unga. Wateja wakaanza kurudisha, "Mama, maji yako yana povu?" Nikawalaumu wenye kiwanda wiki nzima.

Mwana wa Meru

Fundi, mtu wa kawaida atajuaje kama hizo namba za kijedwali ni za kweli?

Fundi Maabara

Bila maabara huwezi kujua kama ni za kweli, lakini unaweza kukamata zinazojipinga. Jumlisha Ca, Mg, Na, K, Cl na SO4. Kisha ongeza nusu ya HCO3, kwa sababu ukikausha maji nusu ya baikaboneti inaondoka kama gesi. Jibu linapaswa kuwa karibu na TDS. Likipishana kidogo ni kawaida.

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Nimefanya kwa kikokotoo cha simu. Chupa nne zimekaa sawa. Ya tano: Ca 22, Mg 6, Na 14, K 3, Cl 8, SO4 5, HCO3 116. Nimepata 116. Wameandika TDS 48.

Fundi Maabara

Mtu kanakili kijedwali cha zamani, au TDS imebandikwa baada ya kubadili mtambo. Vyote viwili haviwezi kuwa vya maji yaleyale.

Konda wa Kitonga

Taja jina la kampuni tuikwepe.

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Sitaji. Nimejumlisha namba kwenye kaunta, sijapima maji. Nimepiga simu ya huduma kwa wateja iliyo kwenye lebo, inaita mpaka inakata. Nitaendelea kupiga.

Mama Duka Uyole (mtoa mada)

Mrejesho wa Jumamosi. Nimeenda kwa Mwalimu na chupa zangu mbili, nikamwekea hesabu ya Fundi kwenye karatasi, lita 64 na lita 250. Akaipitia yote na kalamu nyekundu, mwalimu ni mwalimu. Nikauliza taratibu habari ya maharage. Mama mwenye nyumba akaitikia kutoka jikoni, "Mwanangu, maharage ya huku bila magadi unamaliza debe la mkaa!" Mwalimu akanyamaza, akanitazama, akatazama jikoni. Tumekubaliana yatakuwa yanalowekwa usiku kucha na maji yale yanamwagwa asubuhi, tuone mkaa utakwenda kiasi gani.

Leo asubuhi kaja dukani. Nikamwekea ile ya Na 8 nikijua ndiyo atachukua. Akaisukuma pembeni, akachukua ya Na 31 kama siku zote. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kizibo cha ile nyingine kinamuumiza vidole.